Kimya cha Volti Ishirini na Nne

Nyumba ya Girgis, ghorofa ya pili,
Mtaa wa Abdin,
Kairo.

14 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Dahiba,

Anayekuandikia leo si yule kaka yako mpishi wa keki uliyemwacha hapa. Ni mhandisi. Nimebuni kwa kichwa changu mwenyewe, nikachora kwa mkono wangu mwenyewe, ubao wa saketi unaochukua umeme wa ukutani, umeme huu wetu mwehu, na kuutuliza mpaka ukawa mpole kama maziwa ya usiku. Wahandisi wa Kairo nzima wamekuja kuutazama. Mmoja alitoka hapa akilia.

Ngoja kwanza nikuamkie, maana najua umeshaanza kusema, "Huyu Daud hata salamu hatoi." Salaam aleikum, wewe na wote waliomo humo ndani. Hujambo mdogo wangu? Magoti yanasemaje? Sukari imeshuka, au bado unakula halua chumbani na kumsingizia mjukuu? Nasikia Kuwait nako kuna baridi mwaka huu. Jifunike, wala usijitie ujana.

Sisi huku hatujambo. Meno yangu yamebaki machache lakini yanaelewana. Zubeida wangu ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Vitunguu vimepanda bei mpaka tunavipisha njiani. Umeme tunakatiwa kwa zamu, kila mtaa na saa yake, na watu wameshazoea kupanga hata mazishi kwa kufuata zamu.

Haya, sasa niseme kweli. Kama uliniamini hata mstari mmoja huko juu, basi umezeeka vibaya. Ubao upo, lakini sikuubuni mimi. Ameubuni Nabra, mjukuu wangu, yule binti wa Fikri anayesomea mambo ya umeme chuo kikuu. Wala hakuna mhandisi aliyekuja hapa kulia. Aliyekuja ni Sitt Ilham wa ghorofa ya nne, na alikuja kugomba kuhusu mlipuko. Ule mlipuko ndio kazi yangu mimi.

Lakini mdogo wangu, hebu kaa kitako, maana jambo lenyewe ni lako.

Unakumbuka mjomba Hamza, mpishi wa yule Mswisi wa Zamalek mwenye mashine ya kunasia sauti? Alipokufa mkewe mwaka jana, wanawe wakaja kumwaga vitu vya ile nyumba, wakaniita nichague kumbukumbu. Nikachukua masufuria, sikufichi. Ndani ya sufuria kubwa kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo utepe wa sauti, ule wa zamani wa magurudumu, si kaseti. Juu ya kopo mjomba alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kuku: "Hamida, nyumbani."

Hamida, Dahiba, ni mama yetu. Nyumbani kule kule, kabla ya maji ya bwawa kukifunika kijiji chetu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya watu na masufuria yangu.

Wewe ulikuwa bado hujaota jino tulipohamishwa kwenda Kom Ombo, na mama alikufa baridi ile ile ya kwanza. Tangu ulipojua kusema ulikuwa ukiniuliza sauti yake ilikuwaje. Nami nilikuwa nikikujibu ovyo, leo kama ya njiwa, kesho kama ya polisi. Nilifanya mzaha kwa sababu sikuikumbuka. Uso naukumbuka, mikono naikumbuka, makofi yake nayakumbuka vizuri sana. Sauti ilikuwa imefutika.

Nikambeba Nabra mpaka Soko la Ijumaa, au sema yeye ndiye aliyenibeba, tukapata mashine ya kuchezea utepe wa namna hiyo. Kubwa, nzito, imevaa vumbi la watu wengi. Muuzaji akaapa kwamba inaimba kama malaika. Tulipoifungua nyumbani, sehemu ya umeme ilikuwa imeungua mpaka nta ya transfoma imetiririka ikaganda kama mshumaa. Mengine yote ndani, akasema Nabra, ni mazima. Inataka tu kulishwa volti ishirini na nne.

Mimi nikasema si tabu, tuilishe betri za tochi. Tukazipanga ndani ya bomba la plastiki kama soseji. Mota ikazifyonza kabla utepe haujaanza kuzunguka sawasawa, na sauti ikatoka ya ng'ombe anayejifungua. Basi tukanunua adapta, zile nyepesi za siku hizi. Mashine ikazunguka vizuri, lakini nyuma ya sauti kukawa na mlio mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni na kufunga mlango.

Hapo tulikuwa tukijaribia utepe mwingine, uliokuja na mashine, sherehe ya uchumba ya watu tusiowajua. Nimeusikiliza mpaka bwana harusi nimeshamchukia. Utepe wa mama Nabra alikuwa hajaugusa, ila siku moja aliufungua akapitisha kidole ukingoni, akanionyesha. Kidole kilikuwa na unga wa kahawia.

"Babu, unaona huu unga? Hii ndiyo sauti yenyewe. Inabanduka."

"Irudishe, basi!"

"Hairudi. Ukipita kwenye kichwa cha kusomea mara ya kwanza, tutaipata. Mara ya pili, siahidi kitu. Na nikiupitisha na huyu mbu, mbu ataganda juu ya sauti ya mama yako. Nikija kumwondoa, nitaondoa na mtu."

Mara moja, Dahiba. Kama kuvunja yai. Nikafunga kopo, nikaliweka juu ya kabati, na nikamkataza Zubeida kupiga deki kwa nguvu chumba kile.

Nabra akasema atatengeneza chakula cha umeme cha namna ya zamani, kisicho na mbu. Nikamuuliza zamani na sasa vina tofauti gani. Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa, ukicheka ni juu yako. Adapta za sasa zinaukatakata umeme vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu kila sekunde, halafu zinaunganisha vile vipande. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana zinalia. Ile ya zamani haikati kitu. Kuna transfoma, pande la chuma na nyaya, la kuupunguza umeme. Kuna dayodi nne za kuuelekeza wote upande mmoja, maana umeme wa ukutani unakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Kuna kapasita, vikopo viwili vinene, vinavyoweka akiba kama mtungi wa maji, ili mawimbi yatulie. Mwisho kuna kidude cha miguu mitatu, kidogo kuliko kucha ya dole gumba, ambacho kinakata kila kilichozidi ishirini na nne na kukitupa kama joto.

"Kukitupa?" nikamwambia. "Na bei ya umeme ilivyo?"

"Ndiyo bei ya utulivu, Babu."

Vitu hivyo vyote vinataka pa kukaa, na nyaya za kuviunganisha ni njia za shaba zilizobandikwa kwenye ubao. Kuzichora hizo njia ndiyo kazi yenyewe. Alikaa na kompyuta yake mezani kwangu, pale ninapokula fuul yangu, maharage ya asubuhi, jioni baada ya jioni, nami nikakaa pembeni kama paka. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa kucheka kila kitu. Kile sikukicheka. Kioo cheusi, na juu yake mistari ya kijani inakwenda, inakunja kona, inapita katikati ya miguu ya wenzake bila kugusa. Hakuna mstari unaoruhusiwa kumvuka mwenzake. Ukikwama, unarudi nyuma unahamisha nyumba nzima ya mtu ili njia ipite. Nimepamba keki za maharusi wa Kairo miaka arobaini, najua mkono unaochora na mkono unaobahatisha. Mtoto huyu alikuwa akichora mji ambamo hakuna atakayeishi isipokuwa umeme.

"Huyu mbona mnene na huyu mwembamba?" nikamuuliza.

"Mnene anabeba mzigo mkubwa."

"Kama bibi yako."

Jikoni kukatoka sauti. "Nimekusikia, Daud!"

"Nimesema unabeba mzigo wa nyumba, mama!"

"Njoo ubebe hii taka!"

Halafu ukaja uchawi wa pasi. Ule mchoro unapigwa chapa kwenye karatasi laini ya jarida, ile ya matangazo ya samani, unalazwa kifudifudi juu ya bamba la shaba, unapigwa pasi kwa moto mkali. Unalitia kwenye maji, unasugua karatasi yote itoke, na wino unabaki umeng'ang'ania shaba. Kisha bamba linalazwa kwenye karai la dawa ya kahawia inayokula shaba. Inakula kila mahali isipokuwa chini ya wino. Nilisimama na karai lile nalitikisa polepole kama mwenye kumbembeleza mtoto, na mbele ya macho yangu ule mji ukatokea, barabara zake zote. Nikasema Subhanallah, na wewe unajua mara ya mwisho niliyosema hivyo bila kulazimishwa.

Pasi ilikuwa ya Zubeida. Ushungi wake mweupe wa Ijumaa ukatoka na picha ya nusu ya kochi. Mambo hayo yaache.

Sasa tufike kwenye mlipuko. Nabra alikwenda chuo asubuhi, akaacha ubao umetobolewa, vitu vyake kwenye sahani, na mchoro kwenye karatasi. Nilikuwa nimemsumbua wiki nzima aniachie kuchomea risasi, ile ya kuyeyusha ili kushikiza miguu ya vitu kwenye ubao. Nilimwambia mkono ulioandika "Mabruk" kwa sukari juu ya keki ya ghorofa saba hauwezi kushindwa na tone la risasi. Akakubali. Akaniambia nikimaliza nisubiri, na kama shetani akinishinda, basi nijaribu kwa taa ya gari aliyoiweka mezani, nisiguse mashine.

Shetani alinishinda kabla hata chai haijapoa.

Mdogo wangu, nilichomea vizuri. Kila tone linang'aa, waulize. Nikabakiza nyaya za kuingilia umeme na nyaya za kutokea. Nikatazama ule mchoro. Njia zinaanza upande mmoja na kuishia upande wa pili, kama mstari wa maandishi. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nilichosoma nilisoma sawasawa, kwamba mstari unaanzia kulia. Nikaingiza umeme kulia. Nikafunga taa kushoto. Nikasema Bismillah, nikachomeka.

Kapasita ya mwisho ikavimba kichwa, ikanitazama, ikapasuka. Kama baruti! Karatasi zikaruka mpaka darini, harufu ya samaki aliyeungua, na mimi chini ya meza na chuma cha kuchomea mkononi. Sitt Ilham akashuka ngazi na vibanio vya nywele kichwani.

"Amm Daud! Mmepigwa bomu?"

"Hapana, Sitt, ni kahawa imezidi moto."

"Kahawa gani inaruka mpaka kwangu?"

"Ya Yemen."

Nabra aliporudi alinikuta nimevaa vizuri, nimekaa vizuri, nasoma gazeti. Akatazama dari. Akatazama ubao. Akashika kiuno.

"Babu, umeanzia mwisho."

"Nimeanzia mwanzo! Mwanzo uko kulia!"

"Wa saketi uko kushoto."

"Nani kasema?"

Akakaa. Nikaona analitafuta jibu kweli kweli, kwa heshima, kama vile nimemuuliza swali la profesa. Mwisho akasema, "Waliochora wa kwanza, nadhani." Akacheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikakubali kucheka kwa kuwa dari limekwisha kuharibika.

Tukaenda madukani Bab el-Luq kununua badala ya vilivyokufa, tukaunga upya, safari hii yeye ndiye aliyefunga nyaya. Taa ikawaka, imetulia. Kipimo kikasoma ishirini na nne. Tukafunga mashine, tukaweka bwana harusi wetu wa uchumba, na mbu hayupo! Nikaruka. Lakini Nabra hakuruka. Aliinamisha sikio. Chini ya nyimbo na vigelegele kulikuwa na mvumo mzito, mnene, kama mzinga wa nyuki nyuma ya ukuta.

"Wewe uliua kapasita, Babu," akasema polepole. "Mimi nimeleta nyuki. Huu ni wangu."

Siku zile, Dahiba, hakula. Zubeida alimpelekea mboga ya molokhia, ikarudi. Alizungusha ubao ule mkononi kama mtu anayesoma kiganja. Nami nikaanza kutazama juu ya kabati na kufikiria kwamba labda ndivyo itakavyokuwa, kwamba mama atabaki kwenye kopo la biskuti, mimi nitakufa, na watu watakuja kumwaga vitu vyangu kama tulivyomwaga vya Hamza. Sikumwambia mtu. Nakwambia wewe.

Kisha asubuhi moja naoga, na Sitt Ilham huko juu akamwaga karai la kufulia. Unajua mabomba ya nyumba hii. Maji machafu ya ghorofa zote yanashuka kwa bomba moja, kwa hiyo yeye akimwaga, tundu la bafu langu linaguguma na kunitemea povu. Nikapiga kelele kama kawaida. Nabra alikuwa ukumbini na chai. Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Babu! Rudia ulivyosema!"

"Siwezi kurudia, ni matusi!"

"Bomba moja! Umesema anamwaga kwake lakini yanatokea kwako!"

Nikatoka na taulo na povu masikioni, nikamkuta ameshashika kalamu. Akanieleza huku anachora. Umeme unaokwenda lazima urudi. Ule unaojaza vikopo vya akiba hauji polepole, unakuja kwa mapigo makubwa, pu, pu, pu, mara mia kila sekunde, na unarudi kwa kishindo. Na yeye, akachora duara kwa hasira, alikuwa ameurudisha kwa njia ile ile ya shaba inayotumiwa na sauti kurudi. Kila Sitt Ilham anapomwaga, bafu la mama linaguguma. Ndio nyuki wetu hao.

"Kwani shaba si njia wazi?" nikasema. "Vyote si vinapita?"

"Hakuna njia iliyo wazi kabisa. Hata shaba inakinza kidogo. Kidogo sana. Lakini sauti ya mama yako nayo ni kidogo sana."

Nilivaa kanzu, nikakaa. Wewe hebu fikiri. Kipande cha shaba kifupi kuliko kidole changu, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kinakataa kidogo. Kukataa huko hakuna mtu anayeweza kukuona, na huko huko ndiko kulikokuwa kumesimama kati yako na mama yako.

Akachora upya kutoka mwanzo. Safari hii kila kitu kinachorudi kina njia yake peke yake, hakuna kuazimana, na zote zinakutana mahali pamoja tu, tone moja nene la shaba, kama njia za msikitini zinavyofika mlangoni. Dayodi na vikopo akavisogeza vikakaa bega kwa bega, ili mapigo yale yapigane huko huko yasisumbue watu. Na baada ya hapo, mtoto huyu, akaugeuza mji mzima. Umeme ukawa unaingilia kulia na kutokea kushoto.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakuandikia usome."

Tulipokwenda tena Bab el-Luq kununua bamba, Muallim Rifaat wa duka la vipuri aliutazama mchoro, akavaa miwani, akaivua.

"Binti, huu umeuchora kinyume."

"Si kinyume, Muallim. Nimeuchora Kiarabu."

"Wallahi?" Akanitazama mimi. "Na huyu mzee ni nani?"

"Ndiye mchomaji."

"Wa kuchoma nini?"

"Dari," nikasema. Akatuongezea dayodi mbili bure kwa ajili ya kicheko.

Nikachomea mimi. Ndiyo, aliniachia tena, na nilimwuliza mara nyingi kama ana akili timamu. Nilianzia kulia, nikamalizia kushoto, na hakuna kilichoruka.

Ilikuwa Ijumaa, tumetoka msikitini, na zamu yetu ya kukatiwa umeme imekwisha kupita, kwa hiyo tulikuwa na amani ya saa kadhaa. Nabra akafunga mashine bila utepe wowote, akasokota kitufe cha sauti polepole mpaka mwisho. Kimya. Akatulia.

"Imekufa," nikasema.

"Haijafa, Babu. Sogea."

Nikasogeza sikio kwenye spika. Hapakuwa na mbu. Hapakuwa na nyuki. Palikuwa na pumzi tu, nyembamba, kama mtu anapolala chumba cha pili na mlango umerudishwa. Nimeishi miaka sabini na kitu, mitaa ya Kairo, majiko ya mahoteli, honi, redio, Zubeida. Sijawahi kusikia kitu kitupu namna ile. Na kimetengenezwa! Kwa pasi, na dawa ya kahawia, na kichwa cha msichana wa miaka ishirini na moja. Watu wanatengeneza kelele, hilo najua. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa mezani akatengeneza kimya.

Nabra akanitazama. Nikapanda kwenye kiti nikashusha kopo.

Aliupitisha utepe kwa vidole vya pamba, akawasha kompyuta inase, akasema tusiseme neno, na akamtazama Zubeida zaidi kuliko mimi. Akabonyeza.

Kwanza upepo. Halafu sakia, Dahiba, gurudumu la maji la kwa Hajji Diab, linalia vile lilivyokuwa likilia, nilikuwa nimelisahau na papo hapo nikajua ni la nani. Lile gurudumu liko chini ya ziwa, na Hajji Diab yuko chini ya udongo, na lilikuwa linazunguka mezani kwangu. Halafu mlango. Halafu mwanamke akasema, kwa lugha yetu, karibu sana, kama yuko nyuma ya bega langu: "Hamza, ondoa hilo sanduku lako, utaniamshia mtoto."

Na mtoto akaamka. Unalia, mdogo wangu! Unalia kwa mapafu yote, kama vile utakavyolia maisha yako yote, na mama anacheka, na anaanza kukuimbia huku anageuza mikate, nasikia unga unapigwa kwenye chuma cha moto. Katikati ya wimbo anakatiza, anasema, "Daud, rudisha hiyo tende," na anaendelea kuimba. Sikuwa nimeonekana, naapa. Mpaka leo sijui alionaje. Nabra hajui Kinubi, akaona tu nimeficha mkono.

Zubeida anaeneza kwamba nililia. Ulikuwa moshi wa risasi, ingawa siku ile hatukuchomea.

Sikuelezi sauti ikoje. Nimekudanganya mara nyingi sana, sasa itajieleza yenyewe. Kuna pia maneno anayokwambia wewe peke yako mwishoni, baada ya Hamza kusema utepe unakwisha, na hayo siyaandiki hapa.

Utepe ulipofika mwisho, Nabra alitazama kichwa cha kusomea. Kilikuwa kimejaa unga wa kahawia, na utepe wenyewe mahali pengine umebaki mweupe kama kioo, unaona ng'ambo. Hautasomeka tena. Umepita mara ile moja, na mara ile moja hapakuwa na mtu aliyemwaga karai.

Barua hii na kidude ambamo Nabra ametia sauti ya mama anavileta Munir, mtoto wa kinyozi, anayekuja huko kazini. Mpe chakula, amekonda. Nisalimie mwanao Salem na mkewe Widad, na mwambie Salem awe anapiga simu hata siku asiyotaka kitu. Nisalimie wajukuu wote, hasa yule anayesingiziwa halua. Fikri anakusalimu, Zubeida anakusalimu na anauliza ile pilipili yako ya achari unatia nini. Nabra anakubusu mikono na kusema, "Bibi Dahiba asiongeze sauti sana mwanzoni." Mwenyezi Mungu akupe afya, akushushie sukari, akukutanishe na kila kilichokupotea.

Jambo dogo la mwisho. Tulipopandishwa meli kuondoka, mama alikuwa mgonjwa, akakuweka mapajani kwangu mpaka Kom Ombo. Nilikuwa na kanzu moja mpya ya safari, na wewe ukaikojolea yote, kutoka shingo mpaka pindo, na kanzu ile hujanilipa mpaka leo. Sitaki kanzu. Usikisikilize hicho kidude peke yako. Munir akifika, nipigie simu kwanza, kisha uiweke simu mezani karibu yako, uwashe kidude, usiniambie chochote, usinikatie. Yeye nimeshamsikia. Nataka kukusikia wewe unavyomsikia.

Kaka yako mwizi wa tende, akupendaye siku zote,

Daud